Sura ya Saba: Injini Inayowaka Kiti Kikiwa Kitupu

Mwezi Machi 2013 kampuni ya Subaru iliwaita wenye magari zaidi ya 47,000 nchini Marekani wayarudishe kwa mawakala. Injini zilikuwa nzima na breki zilikuwa nzima. Hitilafu ilikuwa kwenye kirimoti cha mfukoni, kile cha kuwashia gari kutoka mbali. Kirimoti hicho kikianguka sakafuni, kiliweza kuharibika kwa ndani na kuanza kutuma amri ya kuwasha bila mtu kubonyeza chochote. Gari lingewaka lenyewe, lingenguruma hadi dakika 15, lingezima, kisha lingewaka tena, na mchezo huo ungeendelea mpaka betri ya kirimoti iishe au tangi likauke. Hofu kubwa ilikuwa juu ya magari yanayolala ndani ya gereji zilizoungana na nyumba. Na kifaa chenyewe hakikutoka uchochoroni. Kiliuzwa kama nyongeza halali ya Legacy, Outback, Impreza na XV Crosstrek.

Mtu wa Eldoret anayetaka kufungiwa rimoti stata, yaani kifaa hicho cha kuwashia gari kutoka mbali, angefaa aijue habari hiyo kabla ya kuulizia bei. Anachonunua si kitufe tu. Ananunua ruhusa ya injini kuwaka wakati kiti cha dereva kiko kitupu. Kwa zaidi ya miaka mia moja binadamu ndiye aliyekuwa kinga ya mwisho: alikaa, akatazama gia, akakanyaga breki, akahakikisha hakuna mtoto mbele ya bampa wala fundi aliyeinama kwenye boneti, ndipo akageuza ufunguo. Rimoti stata inamwondoa mtu huyo. Kila alichokuwa akikikagua kwa jicho na kwa mguu sasa kinakaguliwa na waya, na waya hizo hufungwa na fundi mmoja, mchana mmoja, mara nyingi mteja akiwa ameenda kunywa chai.

Magari ya kwanza yaliwashwa kwa hendeli, na hendeli ilivunja mikono. Injini ikipiga kinyume, chuma kilirudi kwa kishindo na kumpata mwashaji kwenye kifundo au taya. Mwaka 1911 Charles Kettering wa Dayton, Ohio, alifaulu kuwasha Cadillac kwa mota ya umeme, na Cadillac za mwaka 1912 zikatoka kiwandani na stata. Wengi walikuwa wameamini kwamba mota yenye nguvu za kuzungusha injini ingekuwa kubwa na nzito kupita kiasi. Kettering aliona kwamba stata haifanyi kazi kutwa: inafanya kazi sekunde chache. Mota ndogo ingeweza kubebeshwa mzigo mkubwa kwa muda huo mfupi, kisha ipumzike. Kanuni hiyo ndiyo iliyo ndani ya Probox iliyoegeshwa Uganda Road leo, na ndiyo maana mtu anayeshikilia ufunguo nusu dakika nzima anaiua stata yake. Rimoti stata nayo, kama haijui injini imeshawaka, itaendelea kuzungusha stata. Tutarudi hapo.

Miaka 92 baada ya Cadillac hiyo, General Motors ilianza kuuza Chevrolet Malibu ya mwaka 2004 ikiwa na rimoti stata iliyofungwa kiwandani. Kufikia wakati huo maduka ya Marekani na Kanada yalikuwa yameshazifunga nyingi kwa njia ya nyongeza. Sababu yao ilikuwa dhahiri. Minneapolis, ambako Wakenya wengi wamefanya makao, usiku wa kawaida wa Januari hushuka zaidi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri ya gari hubaki na kama nusu ya nguvu zake, na oili nzito huganda ikawa kama uji wa jana. Huko mtu anayewasha gari kutoka jikoni hafanyi mbwembwe.

Je, Eldoret? Jiji hili, lililopewa hadhi hiyo tarehe 15 Agosti 2024, limekaa juu ya uwanda wa mita zipatazo 2,100. Alfajiri za Juni na Julai hupoa hadi nyuzi 9 au 10, na anayeendesha kuelekea Nakuru hupita Timboroa, ambako ni juu zaidi na baridi kali zaidi. Wakimbiaji wanaoamka saa kumi na moja kwenda kufanya mazoezi Kaptagat au Iten wanaijua baridi hiyo vizuri. Lakini kwa injini, nyuzi 9 ni hali ya hewa nzuri. Oili iliyoandikwa 10W hupimwa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, ile ya 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 0W kwenye 35. Oili iliyopita mtihani huo haisumbuliwi na asubuhi ya mtaa wa Kapsoya. Ushauri wa wataalamu wa Marekani kwa magari ya kisasa yenye kompyuta ya mafuta ni kuwasha, kungoja kama nusu dakika, kisha kuondoka polepole, kwa kuwa injini hupata joto haraka zaidi ikitembea kuliko ikisimama. Ujerumani kanuni za barabarani zinakataza kabisa kuacha injini ikinguruma bure.

Kinachoisumbua injini ya Eldoret ni urefu wa mahali. Shinikizo la hewa hapa ni karibu asilimia 78 ya lile la Mombasa, kwa hiyo injini isiyo na tabo hupoteza takriban moja ya tano ya nguvu zake. Hakuna rimoti inayotibu hilo.

Basi anayeambiwa kwamba rimoti stata itamhifadhia injini anadanganywa, na ni haki ajue hivyo mapema. Faida yake halisi Eldoret iko kwenye kioo. Asubuhi yenye unyevu, hasa msimu wa mvua ndefu, kioo cha mbele huvaa ukungu ndani na nje, na dereva anayepeleka watoto shuleni saa kumi na mbili na nusu hujikuta anafuta kwa kiganja huku akitoka langoni. Gari lililowaka dakika tano, feni ikiwa imeelekezwa kioo na kiyoyozi kikiwa kimewashwa ili kikaushe hewa, humpa kioo kikavu. Kuona barabara ni jambo zito, hasa barabara yenye bodaboda zisizo na taa. Lipo pia suala la jua: gari lililoachwa mchana kutwa kwenye maegesho ya hospitali ya rufaa ya Moi huwa tanuri kufikia saa tisa, na mgonjwa au mtoto mchanga hustahili kuingia ndani ya gari lililokwisha kupozwa.

Starehe hiyo ina bei, ingawa si kubwa. Injini ndogo ikinguruma palepale hunywa kama nusu lita au zaidi kidogo kwa saa. Dakika 10 kila asubuhi ni karibu desilita moja. Petroli ikiwa shilingi 180 kwa lita, hiyo ni shilingi 18 kwa siku na zaidi ya 500 kwa mwezi. Mtu aipige hesabu hiyo mwenyewe.

Kwa Eldoret, vifaa hivi huja kwa njia tofauti, na njia hizo zina maana. Njia ya kwanza ni ndani ya gari lenyewe. Kenya hununua magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, na Shirika la Viwango la Kenya haliruhusu yaingie yakiwa yamepita miaka minane. Mwaka 2025, kwa mfano, gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 halikupita. Japani ina kisiwa cha Hokkaido chenye theluji ya miezi kadhaa, na kampuni kama Carmate, Comtec na Yupiteru zimeuza viwashi vya mbali huko kwa miaka mingi. Kwa hiyo Fielder au Noah inaweza kufika Mombasa ikiwa na antena ndogo imebandikwa kwenye kona ya kioo, kirimoti kimebaki Japani, na maelezo yote kwa Kijapani. Mwenye gari hajui ni nini. Fundi naye, akitafuta sababu ya betri kuisha, hukuta kisanduku cheusi chini ya dashibodi na kukikata kwa koleo. Akikata waya za ignishoni bila kuziunganisha upya vizuri, gari huanza kuzima njiani bila sababu inayoonekana.

Njia ya pili ni sanduku la ndugu anayerudi kutoka Marekani. Hapa kuna kasoro wasiyoijua wengi. Dunia imegawanywa kimasafa: Afrika na Ulaya ziko kanda ya kwanza, Amerika kanda ya pili. Rimoti nyingi za masafa marefu za Marekani hutumia kati ya megahezi 902 na 928, nafasi iliyo huru huko kwao. Kenya, megahezi 890 hadi 915 ni za simu za mkononi, ndizo simu inazotumia kusema na mnara. Kirimoti cha namna hiyo kinaingia kwenye njia ya watu wengine, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutaka vifaa vya redio viidhinishwe kabla ya kutumika. Kifaa cha kufaa hapa ni cha megahezi 433, kama zilivyo rimoti nyingi za alamu. Na iwapo gari linaonekana kutoitikia kirimoti kwenye maegesho fulani tu, mwenye gari asiondoke: huenda kuna mtu anayeziba masafa hayo ili milango isifunge.

Njia ya tatu ni maduka ya vipuri na ya mtandaoni, ambako kifaa cha Kichina huja na alamu, rimoti mbili na kifurushi cha waya. Baadhi ni vizuri. Tofauti yao huonekana kwenye waya ngapi fundi atakubali kuziunganisha.

Kazi yenyewe huanzia chini ya usukani. Fundi hulala chali, miguu ikiwa nje ya mlango, na kuondoa kifuniko cha plastiki kilicho juu ya magoti. Anachokiona kwanza ni waya zilizofunikwa kwa rangi ya njano, na hizo hazigusi: ni za mifuko ya hewa. Kisha hushika kichwa cha waya kinachoingia nyuma ya swichi ya ufunguo. Hapo ndipo tabia ya fundi hujulikana. Wengi wa jua kali wamezoea testa ya balbu, taa ndogo yenye klipu upande mmoja na sindano upande wa pili. Kwa gari la 1985 ilitosha. Kwenye gari la leo balbu hiyo huvuta umeme kutoka waya inayoguswa, na ikiwa waya hiyo ni ya kompyuta au ya mfuko wa hewa, madhara hutokea. Maltimita ya dijitali, ambayo haivuti umeme kwa kiasi cha maana, ndicho chombo cha kazi hii.

Anapima waya moja baada ya nyingine, msaidizi akigeuza ufunguo. Waya inayoonyesha volti 12.6 hata ufunguo ukiwa mkononi ndiyo ya betri. Inayopata umeme ufunguo ukiwa kwenye redio, kisha ikashuka hadi sifuri stata inapozunguka, ndiyo ya vifaa. Inayopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa na ikabaki na umeme hata wakati wa kuzungusha ndiyo ignishoni. Na ile inayokaa sifuri muda wote, ikaruka hadi volti 10 au 11 wakati wa kuzungusha tu, ndiyo ya stata. Magari mengi yana ignishoni ya pili. Fundi akiiruka, injini itawaka vizuri kabisa lakini feni ya kioo itanyamaza, na mwenye gari atakuta injini ina joto na kioo bado kina ukungu, yaani amelipia kitu ambacho hakikufanya kazi aliyokitakia. Rangi za waya hubadilika kati ya mwaka na mwaka wa gari lilelile. Fundi anayesema anazijua kwa macho anabahatisha.

Baada ya kupima, hutoa terminali hasi ya betri ndipo aanze kuunganisha. Waya hizi hubeba mzigo mkubwa, na fyuzi za kifaa mara nyingi ni za ampia 30. Kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kufungwa kwa tepu nyeusi hulegea kwa mtikisiko, hupata joto, na siku moja huyeyusha plastiki iliyo nyuma ya dashibodi. Kilicholehemewa au kubanwa kwa chombo chake, kikafunikwa kwa mpira wa kusinyaa, hukaa miaka. Wapo pia wauzaji wanaoleta kichwa cha kuchomeka katikati ya swichi na waya za gari, bila kukata chochote. Kikipatikana kwa gari lako, kilipie hata kikiwa ghali.

Sasa zije waya ndogo, zile zinazorukwa. Ya boneti huunganishwa na swichi ndogo iliyo pembeni mwa injini: boneti ikifunguliwa, kifaa hakiwashi. Bila hiyo, fundi aliyeshika mkanda wa feni anategemea rehema ya kidole cha mtu aliye ghorofa ya tatu. Ya breki huzima injini mtu yeyote akikanyaga pedali bila kuweka ufunguo, na ndiyo inayomzuia mwizi au mtoto kuingiza gia. Ya kuhesabu mizunguko ya injini hukiambia kifaa kwamba injini imeshawaka, kiiachie stata. Kifaa kinachokisia kwa volti ya betri tu hukosea betri ikiwa dhaifu, na hapo ndipo meno ya stata ya Kettering huliwa. Ya handibreki husaidia, ingawa inaeleza tu kwamba fimbo imevutwa. Haijui kama kebo imelegea.

Ipo njia ya mkato moja ambayo ni ya hatari kuliko zote. Gari la otomatiki lina swichi kwenye gia inayozuia stata kuzunguka isipokuwa fimbo iko P au N. Fundi akiunganisha waya ya stata pale kwenye swichi ya ufunguo, umeme wake hupita kwenye kinga hiyo na gari lililoachwa kwenye D haliwaki. Lakini yule aliyeshindwa kuipata waya hiyo chini ya usukani anaweza kupeleka waya moja kwa moja hadi kwenye solenoidi ya stata, chini ya injini. Kazi itaonekana safi, rimoti itawasha, mteja atalipa. Kinga ya gia imerukwa, na siku gari litakapoachwa kwenye D litawaka na kutembea.

Gari la gia za mkono halina hata kinga hiyo, na Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, ina mengi ya namna hiyo: pikapu za shambani, Probox za mizigo, Land Cruiser za zamani. Madereva wa hapa wamefundishwa, na wamefundishwa vyema, kuliacha gari kwenye gia ya kwanza likiegeshwa mteremkoni, kwa kuwa handibreki haiaminiki. Desturi hiyo ya usalama na rimoti stata haziwezi kuishi kwenye gari moja. Stata ikizunguka gia ikiwa ndani, gari huruka mbele, na injini ikishika linaendelea kwenda. Magari mengi yana swichi inayotaka klachi ikanyagwe kwanza. Kwa kuwa hakuna mguu wa kukanyaga, fundi huifunga kwa kipande cha waya na kuua kinga iliyobaki. Vifaa vichache vya hali ya juu vina utaratibu mwingine: dereva anaegesha injini ikiwa inawaka, anaweka gia huru, anavuta handibreki, anatoa ufunguo, anashuka na kufunga milango, ndipo kifaa kinaizima injini chenyewe. Kwa hiyo kinajua gia iko huru, na mlango ukifunguliwa baadaye kinakataa kuwasha. Watengenezaji wa Japani wanaviuza vyao kwa magari ya otomatiki pekee. Hukumu ya sura hii ni hiyo hiyo: gari la gia za mkono Eldoret lisifungwe kifaa hiki.

Dizeli zinahitaji jambo moja zaidi, nalo ni muda. Plagi za joto zipewe sekunde zake kabla stata haijazunguka. Kifaa kizuri huwekwa kwa namna hiyo.

Linabaki suala la wizi. Funguo nyingi za kisasa zina chipu isiyo na betri, ndani ya kichwa cha plastiki. Ufunguo ukiingia, pete ya waya inayozunguka swichi huiamsha chipu, kompyuta ikaitambua, injini ikaruhusiwa. Ulaya ililazimisha kinga hiyo kwa magari mapya mwaka 1998 na Kanada mwaka 2007. Marekani haikulazimisha, na kuanzia 2021 vijana huko waliiba Kia na Hyundai zisizo na chipu kwa wingi hata miji ikazishtaki kampuni hizo. Rimoti stata haina chipu, kwa hiyo lazima ipewe moja. Fundi wa haraka huchukua ufunguo wako wa akiba, hutoa chipu na kuibandika kwa tepu kando ya pete. Kuanzia siku hiyo gari lako ni kama gari lisilo na kinga: ufunguo wowote wenye meno yanayofaa, au bisibisi na nguvu, unaliwasha. Njia ya kati ni kisanduku kinachoificha chipu na kuiamsha tu wakati rimoti inapoamuru, ingawa mwizi akikipata kisanduku amepata ufunguo. Njia bora ni moduli inayozungumza na kompyuta ya gari kwa waya zake za data, bila ufunguo wowote kufichwa. Ni ghali zaidi, na kwa magari yanayowashwa kwa kitufe badala ya ufunguo ndiyo njia ya kawaida. Baadhi ya Toyota za bei ya chini za Japani huja na ufunguo mtupu usio na chipu; kwa hizo kazi ni rahisi, ila mwenye gari akumbuke kwamba urahisi huo ni wa mwizi pia. Na chochote kinachofungwa, kampuni ya bima iambiwe, kwa kuwa bima husimama juu ya ukweli wa anayekatiwa.

Betri nayo ihesabiwe. Kifaa kinachovuta miliampia 40 kikiwa kimelala hula karibu ampia-saa moja kwa siku. Kwa wiki tatu za safari hiyo ni ampia-saa 20, nusu ya betri ndogo ya gari la Japani.

Kisha moshi. Eldoret haihitaji kufundishwa kuhusu kaboni monoksidi. Familia za Bonde la Ufa zimezika watu waliolala na jiko la makaa ndani. Gesi inayotoka kwenye ekzosi ni ileile: haina harufu wala rangi, na huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hapa juu, ambako hewa ina oksijeni pungufu tayari, mwili hauna akiba ya kupoteza. Kichujio cha ekzosi hakisafishi kitu kikiwa baridi, na magari mengi ya hapa yameshatolewa vichujio vyao vikauzwa kwa ajili ya madini yaliyomo. Mwaka 2018 gazeti la The New York Times lilieleza vifo vya watu zaidi ya 20 Marekani tangu 2006 vilivyotokana na magari ya kitufe yaliyoachwa yakiwaka ndani ya gereji, na mwaka uliofuata Toyota ikatangaza kwamba magari yake mapya yatajizima yenyewe. Katika nyumba za Elgon View zenye gereji iliyoungana na jikoni, au mtaani ambako gari hulala likipakana na dirisha la chumba cha watoto, kirimoti kinachobonyezwa kwa bahati mbaya mfukoni kinatosha kuleta msiba. Muda wa kunguruma uwekwe mfupi, dakika 10 au chini ya hapo, na gari lilale nje, ekzosi ikitazama mbali na nyumba. Kama haliwezi kulala nje, kifaa kisifungwe.

Eldoret haina uhaba wa mafundi wa kazi hii. Rift Valley Technical Training Institute na Eldoret National Polytechnic hufundisha ufundi wa magari, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, huwapima waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti vya daraja. Muulize fundi cheti chake bila haya. Aliyekipata hukionyesha kwa furaha.

Swali la kwanza la wateja wengi huwa ni umbali: inashika mita ngapi? Wewe, msomaji, uliza mengine, na uyaulize kabla ya kutoa pesa. Simama nje ya gari pamoja na fundi, mahali tambarare pasipo na mtu mbele. Mwambie afungue boneti, kisha bonyeza rimoti: gari lisiwake. Aifunge, gari liwake, kisha anyooshe mkono na kubonyeza pedali ya breki bila ufunguo: lizime. Akae ndani, mguu ukiwa tayari juu ya breki bila kuikanyaga na handibreki imevutwa, fimbo aiweke N kwanza na kisha D, nawe ubonyeze: kwenye D stata isizunguke hata kidogo. Liache liwake bila kuguswa na utazame saa mpaka lijizime. Mwisho, mwombe akuonyeshe ilipo chipu ya ufunguo wako wa akiba na viungo vya waya kabla hajarudisha kifuniko. Fundi anayejua kazi yake atakuonyesha yote hayo kwa robo saa. Asiyekubali, usimlipe, na gari lisitoke kwake na kifaa hicho ndani.